Wasichana Waandike Wenyewe Habari za Mashine

Katika baadhi ya shule zetu za mseto, chumba cha kompyuta kifunguliwapo, wavulana ndio hutangulia kuketi. Wasichana husimama nyuma yao, madaftari mkononi. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba wasichana hawavipendi vyombo hivyo. Mimi sisadiki hata kidogo.

Mwaka 1946, kompyuta iitwayo ENIAC ilipoonyeshwa hadharani huko Philadelphia, Marekani, waliokuwa wameipangia hesabu zake ni wanawake 6. Siku hiyo hawakutambulishwa kwa wageni, na kwa miaka mingi picha zao zilitazamwa pasi na watu kujua walikuwa nani. Laiti wangaliandika habari za kazi yao wenyewe mapema, pengine tusingalifundishwa kwamba mashine ni mambo ya wanaume.

Ndiyo maana nawasihi walimu wajaribu vijarida vya mkono. Waingereza huviita zine, neno ninalosita kulitohoa, na kila ajuaye Kiswahili atafahamu kwa nini! Karatasi moja ya A4 hukunjwa mara 3, ikakatwa mkato mmoja katikati, na kupangwa upya kuwa kijitabu cha kurasa 8. Wapenzi wa hadithi za kisayansi wa Chicago walianza kuchapa vya kwao mwaka 1930. Mnamo 1991, wasichana wa mji wa Olympia, jimboni Washington, walivitoa kwa mashine ya fotokopi wakisema yale ambayo magazeti makubwa hayakuwauliza.

Na wetu waulizwe. Nyumbani simu ni ya nani, na nani huiomba? Mbona kaka huaminiwa kwenda kwenye saiba jioni ilhali dada huambiwa akapike? Msichana hufanyaje picha yake inaposambazwa bila idhini yake? Naam, Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni huadhibu usambazaji wa picha za faragha, lakini ni wanafunzi wangapi wamepata kuisikia? Wavulana nao washiriki, maana baadhi ya majibu wanayo wao.

Kuna atakayesema kwamba mambo haya yaandikwe huko huko mtandaoni. Sikubaliani naye. Nakala 40 za karatasi husomwa na majirani wanaojuana, na mwandishi aweza kulificha jina lake. Neno lililotupwa mtandaoni huenda lisirudi tena.

Ninachohofia zaidi ni kalamu nyekundu. Mwalimu akianza kusahihisha kila sentensi na kutoa alama, wanafunzi watamwandikia yale ayapendayo yeye, nasi tutakuwa tumepata insha nyingine tu. Aweke karatasi, mkasi na gundi mezani, akubaliane nao kwamba hakuna atakayemtaja mwenzake kwa jina, kisha aondoke chumbani kwa muda.