Msimbo wa kunakili una faida, una na mwiba

YEYOTE aliyewahi kuunganisha tovuti ya duka na huduma ya M-Pesa anafahamu kuwa ugumu haumo katika mantiki ya programu, bali katika vijambo vidogo vidogo. Nambari ya mteja sharti ianze kwa 254 wala si 07. Kibali cha kuingilia mfumo hukoma baada ya saa moja. Asiyeyajua haya hukesha akitafuta kosa mahali lisipokuwa.

Si ajabu, basi, kwamba tangu Safaricom ilipowafungulia watayarishi wa programu mfumo wake wa Daraja mwaka wa 2017, vipande vya msimbo vilivyojaribiwa vimerundikana katika GitHub, vikiwekwa na watu wasiolipwa hata senti. Ukanda wa Ruiru hadi Thika unanufaika mno na ukarimu huo. Ruiru kuna Chuo Kikuu cha Zetech, Thika kuna Mount Kenya, na kati yao, pale Juja, kuna JKUAT, kilichoanza mwaka wa 1981 kwa msaada wa Japan. Mhitimu anayesubiri ajira huanza na kazi ya duka la vipuri au chama cha akiba, na mtaji wake ni kipakatalishi na maelezo ya waliomtangulia.

Wakenya si wageni wa desturi hii. Programu ya Ushahidi, iliyobuniwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mapema mwaka wa 2008, iliachwa wazi kwa umma. Miaka miwili baadaye ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Hata hivyo, kunakili bila kuelewa kuna gharama, na anayeilipa ni mwenye duka. Vipo vielelezo vinavyopokea taarifa ya malipo bila kuhakikisha imetoka wapi. Anayeijua anwani hiyo anaweza kutuma taarifa bandia kuwa amelipa, akapewa bidhaa bure. Wengine huanika funguo za siri za biashara pamoja na msimbo. Kuzifuta baadaye hakutoshi, kwa kuwa GitHub huhifadhi historia ya kila badiliko, lazima zibatilishwe. Na zinapoanikwa nambari za simu za wateja, hilo ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Wapo wanaodai kuwa akili bandia, iliyoenea tangu ujio wa ChatGPT mwishoni mwa mwaka wa 2022, imelimaliza tatizo. Sikubaliani nao. Mitambo hiyo ilifunzwa kwa maandishi hayo hayo ya mtandaoni, mazuri na mabovu.

Linalowezekana ni vyuo vyetu kuyatuza alama maelezo haya kama vinavyotuza mradi wa mwaka wa mwisho: mwanafunzi aandike tarehe aliyoujaribu msimbo, toleo alilotumia, na sababu ya kila mstari unaogusa pesa za mtu.