Rangi mpya, ufa ule ule: mchezo wa madalali Isongole

Kuna video ya nyumba ilizunguka sana kwenye magrupu ya Tunduma. Nyumba yenyewe iko Isongole, Ileje, kule karibu na mpaka wa Malawi. Sebule inang'aa, makochi ya kijivu, zulia jeupe, maua ya plastiki kwenye kona, wimbo wa mapenzi unapigwa chinichini. Watu wakachanganyikiwa. Wengine wakasema hiyo si nyumba, ni lodge.

Haya sasa. Makochi yalikuwa ya shemeji yake dalali, yalikuja na guta asubuhi yakarudi jioni. Zulia nalo hivyo hivyo. Lile pazia zito lililoshuka mpaka chini halikuwa la urembo, lilikuwa limekaa juu ya ufa unaoingia mkono.

Kupamba nyumba unayouza siyo kosa. Fagia uwanja, paka rangi, badilisha taa iliyoungua, ziba paa. Hata mama wa sokoni hupanga nyanya nzuri juu ya fungu. Ila yule mama anakuruhusu uzigeuze! Dalali wa video hataki ugeuze kitu. Anakuambia kuna wateja wengine watatu njiani, tuma advansi fasta. Na kwa nini asikimbize? Yeye analipwa chake siku ya mauziano. Paa likivuja mwezi unaofuata, halimhusu.

Tangu barabara ya Mpemba hadi Isongole, kama kilomita 50 hivi, iwekwe lami, watu wa Tunduma wanaona kule ni jirani tu. Ajabu ni kwamba wananunua kwa simu, kana kwamba nyumba iko Dubai! Nauli ya kwenda kuangalia inawauma kuliko mamilioni wanayotuma.

Kijana mmoja fundi simu, mwenye mke na mtoto mchanga, alituma nusu ya bei. Akiba ya miaka mingi ile. Video ilipigwa Septemba, jua kali, kila ukuta mkavu. Yeye akahamia mvua zikiwa zimeshakolea, na mvua za Ileje hazina utani. Wiki ya pili ile rangi ya krimu ikaanza kuvimba kama chapati, chini yake unyevu mweusi. Plasta ilipodondoka, matofali ya kuchoma yakaonekana yameungwa kwa udongo. Mtoto kifua kikaanza kukoroma usiku.

Kuna wanaosema mjinga ndiye aliwaye, mteja afungue macho. Sawa, afungue, lakini macho gani yanaona nyuma ya pazia? Anayeficha ufa anajua anachoficha, ndiyo maana anaufunika. Huo ni wizi, basi tu umepuliziwa pafyumu.

Na ufa bado ulikuwa ndiyo shida ndogo. Kijana akiwa anahangaika na fundi wa plasta, mlangoni akatokea mama mmoja na begi lake. Ndiye mke wa mwenye nyumba. Alikuwa kwao anauguza mzazi, na nyumba iliuzwa bila kuulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, iko wazi: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina la mmoja. Mwenye nyumba simu haipatikani. Dalali naye anasema kazi yake ilikuwa kutafuta mteja tu.

Mwenyekiti wa kitongoji alipowaita, swali lake la kwanza kwa kijana lilikuwa kama aliwahi kuuliza majirani nyumba hii ina familia gani. Hakuuliza. Alikuwa ameridhika na video.

Ukutani pale sebuleni, juu ya yalipokuwa makochi ya shemeji, kuna msumari mtupu. Picha ya harusi ilishushwa asubuhi ya kurekodi. Dalali alisema inaharibu mwonekano.