Debe Tupu Haliachi Kuvuma

Kuna uwongo umeenea huko vituoni: eti ukitaka matatu yako idunde vizuri, nunua spika iliyoandikwa namba kubwa kuliko zote. Hasha! Huko ni kutupa pesa.

Namba hiyo, tuseme wati 1,000, aghalabu ni nguvu ambayo spika huistahimili kwa kufumba na kufumbua tu. Ya kutazamwa ni ile ya RMS, yaani nguvu ya mfululizo. Spika ya besi ikiwa ya wati 300 RMS, itafutie amplifaya ya kutoa kama wati 300 RMS kwa omu za spika hiyo. Na ukiunganisha spika mbili za omu 4 sambamba, zote pamoja huwa omu 2. Amplifaya isiyomudu omu 2 itachemka na kuzima.

Wengine husema, "Amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa." Mimi nakataa katakata. Ile ya wati 200 ikifunguliwa mpaka mwisho, mawimbi ya sauti hukatika ncha, muziki hukwaruza, na nguvu yaweza kukaribia wati 400. Hapo koili ya ile spika ya wati 300 huungua polepole huku makanga akishangilia.

Anayeumia ni nani? Si muuzaji, bali ni kijana aliyedunduliza pesa zake. Kwa hivyo ndugu yangu, kabla hujatoa hata shilingi, uliza mambo mawili: RMS ngapi? Omu ngapi? Muuzaji akibabaika, shika njia uende zako.