Mguu Uliowahi Kuvunjika Usifichwe Mazoezini

Ukifika Uroa wakati maji yamekupwa utaukuta ufuko umegeuka kiwanja. Akina mama wanashuka kwenye mwani, vijana wanacheza mpira, na wengine wanakimbia kuelekea upande wa Pongwe. Ni jambo la kusifiwa. Mazoezi hupunguza shinikizo la damu, husaidia kuzuia kisukari na hutuliza mawazo.

Lakini miongoni mwa wanaokimbia wapo waliowahi kuvunjika mguu. Mmoja aliangushwa na pikipiki, mwingine aliumia mpirani, mwingine alidondoka mnazini. Maumivu yakishatoka, hujiunga na mazoezi makali bila kumwambia mtu, kwa kuogopa kuitwa wavivu. Maoni yangu ni haya: aliyeumia mguu afanye mazoezi, ila asiufiche mguu wake, na kiongozi wa mazoezi asimwaibishe.

Tunadhani kwamba kisichouma kimepona. Sivyo. Mfupa wa muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, na pengine zaidi. Plasta ikitolewa, mfupa waweza kuwa umeunga huku nyama za paja na kigimbi zimesinyaa, kifundo kimekakamaa, na mguu umepoteza wepesi wa kushika mizani. Hapo mguu mzima hubeba kazi ya mwenzake, na mwenyewe asijue.

Mchanga nao una hesabu yake. Kukimbia juu ya mchanga laini hudai nguvu kama mara moja na nusu ya zile za ardhi ngumu. Ukikimbia kwenye mteremko wa ufuko, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine, na goti hupindishwa kila hatua. Kwa anayeanza upya, heri mchanga ulioshikana na ulio sawa, maji yanapokupwa.

Wengine husema afadhali mashine. Ipo moja iitwayo rifoma, inayotumika siku hizi katika kumbi za mazoezi za miji mingi. Asili yake ni Mjerumani Joseph Pilates, aliyezaliwa 1883 na kufariki 1967. Ni mfano wa kitanda chenye kigari kinachoteleza na kuvutwa na springi. Ni chombo kizuri, kwa kuwa mtu hufanya kazi akiwa amelala, bila mguu kubeba uzito wote wa mwili. Hata hivyo, ukisukuma kwa miguu miwili, mguu mzima utaufichia ule dhaifu. Tena, kupunguza springi hakurahisishi zoezi kila mara: kigari kikiwa chepesi hutetereka, na mguu hulazimika kushika mizani zaidi. Mwalimu asiyejua habari ya mguu wako atakusaidiaje?

Tunaye mfano katika Kanisa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Mfupa uliunga vibaya, ukavunjwa tena. Kisha akataka mfupa uliojitokeza ukatwe, apate kuvaa buti zake za fahari. Aliteseka sana, na akabaki akichechemea maisha yake yote. Kuchechemea huko hakukumzuia kusafiri wala kuanzisha Shirika la Yesu. Baadaye, akiwa kiongozi, aliwaasa wenzake wasiidhoofishe miili yao kwa kujinyima kupita kiasi, kwa kuwa mwili nao ni wa Mungu.

Basi, kabla ya mazoezi makali, jipime nyumbani ukiwa karibu na ukuta. Simama kwa mguu mmoja nusu dakika, kisha kwa mwingine. Inuka kwa vidole vya mguu mmoja mara nyingi uwezavyo, uhesabu, halafu ulinganishe. Tofauti ikiwa kubwa, wakati wa kuruka na kukimbia kwa kasi bado. Tembea kwanza, fanyia kazi kila mguu peke yake, na uongeze kidogo kidogo. Mguu ukivimba asubuhi ya pili, jana ulizidisha.

Aliyeungwa na mganga wa mifupa kijijini bila kupigwa picha ya eksirei, na aliyewekewa vyuma, wamwone daktari kwanza, hata kama ni kwenda mjini hadi Mnazi Mmoja. Usingoje hata kidogo kigimbi kikivimba na kuwa cha moto, kidonda cha zamani kikitoa usaha, au goti likikwama au kulegea ghafla.

Nanyi viongozi wa vikundi, ulizeni kabla ya kuanza: nani aliwahi kuumia? Anayepunguza mwendo asichekwe. Mama wa mwani na mhudumu wa hoteli hula kwa miguu yao. Mguu ukivunjika mara ya pili, nyumba nzima hulala njaa, na ada za watoto hukwama.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye akili huitazama koleo iliyoungwa kabla ya kuishikia chuma cha moto.