Gari Likilala Upande, Pima Kabla ya Kununua Springi

Wakulima wengi wanazo pikapu za zamani. Asubuhi gari hupeleka maziwa, mchana hubeba samadi, na jioni huleta magunia ya chakula cha ng'ombe. Halafu siku moja mwenyewe hulitazama kwa nyuma, akaona kebini imelala upande mmoja kama mtu aliyebeba debe la maji kwa mkono mmoja. Wapita njia humwambia, "Springi imekufa." Naye huchukua fedha za maziwa akaenda kununua springi.

Shauri langu kwako, msomaji, ni hili: usinunue kitu chochote mpaka umekwisha kupima. Ng'ombe akichechemea humchomi sindano begani kwanza. Huinua ukwato ukatazama kama kuna jiwe au mwiba, ndipo ukapanda juu. Gari nalo lapimwa hivyo hivyo, kutoka chini kwenda juu.

Kwanza ondoa mzigo wote, na mtu asikae ndani. Hakikisha tairi za kushoto na za kulia ni za ukubwa mmoja na zina upepo sawa. Weka gari mahali palipo sawa, ukalitazame linalala upande gani. Kisha ligeuze, ulirudishe pale pale likitazama upande mwingine. Ikiwa sasa linalala upande wake mwingine, kosa ni la uwanja wako, si la gari.

Gari likizidi kulala upande ule ule, chukua tepu ya kupimia na kipande cha chaki. Pima mara tatu, kushoto na kulia, mahali panapolingana, ukaandike hesabu zako. Kipimo cha kwanza ni kutoka ardhini mpaka katikati ya gurudumu. Hapa zikitofautiana, tazama tairi. Cha pili ni kutoka katikati ya gurudumu mpaka kwenye chesisi. Hapa zikitofautiana, shaka iko kwenye springi na vyuma vinavyoishika. Cha tatu ni kutoka chesisi mpaka chini ya kebini. Hapa zikitofautiana, springi haina hatia. Kebini yenyewe ndiyo iliyoshuka juu ya chesisi.

Kipimo hiki cha tatu ndicho watu wanachokisahau. Katika pikapu nyingi za zamani kebini haikuungwa na chesisi kuwa kitu kimoja. Imekaa juu ya mipira minene, na kila mpira umekalia mkono wa chuma uliotokeza kando ya chesisi. Mpira huzeeka, ukapasuka na kubonyea. Mkono wa chuma nao huliwa na kutu, hasa kwetu wakulima, kwa kuwa mkojo wa ng'ombe na chumvi ya mbolea hula chuma upesi, na matope yaliyojazana nyuma ya kebini hukaa na maji siku nyingi.

Jirani yangu mmoja aliongezewa jani moja la springi upande wa kushoto, kisha akaongezewa la pili, na kebini yake ikazidi kulala kushoto. Tulipopima tuliona ajabu. Chesisi upande wa kushoto ilikuwa juu kwa sentimita 2 kuliko upande wa kulia, lakini nafasi kati ya chesisi na kebini upande huo wa kushoto ilikuwa imepungua kwa sentimita 4. Chesisi ililala kulia, kebini ikalala kushoto! Fundi alipogusa mkono wa chuma wa pembe ya nyuma, ulimomonyoka kama udongo mkavu. Majani yale mawili ya springi hayakuponya kitu. Yalificha ugonjwa tu, tena yakaleta wa pili.

Ikiwa vipimo vyako vyaonyesha springi, bado usiseme ni ya pembe ile iliyoshuka. Springi ya mbele iliyochoka yaweza kulaza gari mpaka nyuma. Kumbuka kigoda cha miguu mitatu. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, mbele na nyuma yake, kisha weka jeki katikati kabisa ya boriti ya mbele ya chesisi, si chini ya injini. Inua mpaka magurudumu ya mbele yaachane kidogo na ardhi. Sasa mbele pana mguu mmoja, na nyuma miwili. Gari likisimama sawa, ugonjwa uko mbele. Likiendelea kulala, uko nyuma. Pima ukiwa nje. Usiingize kichwa wala mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, maana jeki ikiteleza hakuna wa kukutoa.

Ikiwa springi kweli imechoka au jani limevunjika, badilisha kushoto na kulia pamoja, maana mpya na nzee hazilingani. Lakini magari mengine hayana springi za majani mbele. Yana fito za chuma zinazojisokota, na mara nyingi fundi aweza kuinua upande ulioshuka kwa kukaza bolti tu, bila kununua kitu.

Wako watu wasemao kwamba gari kulala kidogo si neno, maadamu latembea. Kwa springi iliyochoka kidogo, labda. Lakini usukani na pedali za breki zimefungwa kwenye kebini, hali vyuma vya kugeuzia magurudumu viko kwenye chesisi. Kebini ikiachana na chesisi, vitu hivi huvutana kila gari linaporuka shimo. Mkono ulioliwa na kutu usibandikwe kipande juu. Ukatwe mpaka chuma kizima, ndipo uchomelewe mpya.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza. Ukibeba samadi au mbolea, osha gari siku ile ile, na chini pia. Toa matope nyuma ya kebini kwa kijiti. Usipange mikebe ya maziwa upande mmoja kila siku, na hasa upande wa dereva, kwa kuwa springi ile yachukua uzito wake daima. Kabla ya mvua ndefu na kabla ya mvua fupi, tazama mipira yote ya kebini.

Ukienda kwa fundi, mpe karatasi yako ya vipimo. Fundi mwema atafurahi, maana umempunguzia kazi ya kubahatisha. Akikataa hata kuitazama, akasema tu "leta springi," basi rudi nyumbani na fedha zako ukatafute mwingine.