Akigonga, Unaachia

Najua nimekuwa kimya mno, na wengine mmeanza kutuma meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko! Niko nyumbani Mnazi toka juma lililopita. Kwa wale mnaodhani Lushoto yote ni baridi, mapeasi na masweta, karibuni huku chini mkome. Ni tambarare, jua kali, vumbi na mkonge, na ukiinua macho ndio unaiona milima ya Usambara imekaa huko juu kama vile haituhusu. Mtandao unashika ukisimama kwenye kona moja ya uwanja, kwa hiyo haya nimeyaandika kwenye daftari kwanza.

Leo sina stori za kuchekesha. Nina hasira, na sehemu ya hasira yenyewe ni juu yangu mimi.

Mnajua toka mwaka wa kwanza nafanya jiu-jitsu. Wale wa bloku yetu mmeshachoka kunusa ile nguo yangu nyeupe ikianikwa dirishani (poleni jamani). Kwa asiyejua, ni mchezo wa kukabana. Hakuna ngumi wala teke. Unamwangusha mwenzio, unamlalia, unamtafuta mkono au shingo mpaka akubali. Vijana wa mjini wataielewa haraka nikisema ni roba yenye utaratibu. Mzizi wake ni Japani: mwaka 1882 Kano Jigoro alichuja jujutsu ya zamani akaanzisha judo, halafu mtu wa judo aitwaye Mitsuyo Maeda akatua Brazil mwaka 1914, na huko familia ya Gracie ikajifunza na kuupika mchezo upya, hasa kwa ajili ya mtu mdogo anayelaliwa na mtu mkubwa. Judo, binamu yake, tunayo siku nyingi. Zanzibar imefundishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka toka miaka ya 1990, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024 tulikuwa na Andrew Thomas Mlugu kwenye mkeka. Jiu-jitsu kwetu bado changa. Ukumbi wetu ni chumba juu ya maduka, sponji zimeungwa kwa gundi, feni moja, na mwalimu anayekuja akitoka kazini.

Siku ya kwanza nilidhani nitafundishwa kukaba. Wapi! Nilifundishwa kugonga. Ukibanwa ukaona yamekufika, unampiga mwenzio viganja viwili mwilini, au unapiga mkeka, au kama mikono imebanwa unasema kwa mdomo. Akigonga, unaachia. Papo hapo. Huulizi kama ameumia kweli, humwongezei kidogo "ili akumbuke". Kuna jamaa pale ni fundi magari, kilo tisini na kitu, shingo kama gogo. Ameshanikaba mara nisizoweza kuhesabu, na hajawahi hata siku moja kuchelewa kuachia. Aliyechelewa, tena mara moja tu, alikuwa mwanafunzi mwenzetu wa chuo aliyetaka sifa mbele ya wageni. Mwalimu hakumpigia kelele. Alimwambia avae viatu vyake aende nyumbani.

Sasa nisikilizeni.

Mwaka huu nilikuwa fildi kwenye shule moja ya sekondari ambayo siitaji, wala mkoa wake siutaji. Wiki ya pili mwalimu wa zamu akasikia kwamba nafanya "mambo ya karate". Akafurahi sana. Akaniambia mbele ya ofisi nzima, "Safi, mwalimu, sasa tumepata askari." Akanipa fimbo. Nje kulikuwa na mstari wa wachelewaji, kidato cha pili.

Ningeweza kuwaambia kwamba nilikataa. Ingependeza, na nani angejua? Lakini sikukataa. Nilikuwa mgeni, nilikuwa nasubiri kukaguliwa, nilitaka walimu wanione ni mwenzao. Nilimchapa mtoto wa kwanza. Baada ya fimbo ya kwanza akasema, "Nimekoma, mwalimu." Nikamwongeza mbili.

Usiku ndio ikanijia. Amegonga! Yule mtoto amegonga na mimi sikuachia. Mtu ambaye nikiwa Dar nalipa nauli ya daladala mara tatu kwa wiki kwenda kufundishwa kitu kimoja tu, kwamba mwenzio akisema basi ni basi, nimepewa fimbo na mtoto mwembamba na nimesahau yote kwa dakika moja.

Haya, najua mtakayosema, maana mlishasema yote siku ile tulipobishana kantini.

Mtasema kuna sheria. Ndiyo, ipo, hebu isomeni. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Isizidi vinne. Iandikwe kwenye kitabu. Mimi nilikuwa mwalimu wa mazoezi, sina idhini, sina maandishi, kitabu chenyewe sijakiona mpaka naondoka. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunachofanya kule fildi ni sheria. Ni mazoea yaliyovaa koti la sheria.

Mtasema naongeza chumvi, viboko viwili vitatu havimuui mtu. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi wa Mbeya Day. Walimu wa mazoezi, wadau! Watu wa kozi kama yetu, wenye madaftari ya maandalio ya somo kama haya yetu, na wakafukuzwa vyuo. Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa shuleni Kibeta, Bukoba, na mwaka uliofuata mwalimu wake akahukumiwa kunyongwa. Siamini kwamba hata mmoja kati yao aliamka asubuhi akisema leo naua au leo naenda kwenye televisheni. Walianza na moja, kama mimi.

Mtasema "sisi tulichapwa na tumekuwa watu." Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Waliochapwa wakaacha shule hawapo kantini kubishana na wewe. Wako huku kwetu wanakata mkonge. Nimekutana na mmoja juzi, tulikaa dawati moja darasa la sita. Alikuwa hodari wa hesabu kunishinda, ila alikuwa na kigugumizi, na mwalimu akiuliza swali hasubiri. Aliacha.

Na mtasema ni mila yetu, samaki mkunje angali mbichi. Mila ya nani? Wazee wa Tanga walirithi kwa wazee wao neno "hamsa ishirini". Ni viboko 25 vya Mjerumani, na mfano wake walichapwa watu wazima, wababa wenye familia, kwa kuchelewa kazini. Hata neno kiboko lenyewe ni ngozi ya mnyama iliyokaushwa ikawa mjeledi. Lushoto ilikuwa ikiitwa Wilhelmstal enzi hizo. Jina tumelifuta, mjeledi tumeuhamishia darasani. Na ukitoka hapa Mnazi ukaenda kaskazini hufiki mbali unaingia Kenya, ambako viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Najua wapo wanaochapa kwa kificho mpaka leo. Lakini kule mzazi ana pa kushika.

Lipo moja ambalo sina jibu zuri. Darasa langu la fildi lilikuwa na wanafunzi 87. Mtu mmoja, chaki, na watu 87 wenye njaa saa saba mchana. Anayeniambia pale niongee nao kwa upendo na hajawahi kusimama pale, namwomba aje asimame. Nilichokiona ni hiki tu: wiki tatu za mwisho sikushika fimbo, nikasemwa ofisini kuwa nawadekeza, na kelele za darasani hazikuongezeka. Hazikupungua pia! Ila mikono iliongezeka. Watoto walianza kuuliza maswali, mengine ya kijinga kweli kweli.

Hili la mwisho nilipaswa kulijua kutoka kwenye mkeka. Mtu mwenye hofu hajifunzi jiu-jitsu. Anabana pumzi, anakaza mwili mzima, na dakika moja baadaye amechoka na hakumbuki kitu. Mwalimu wetu wiki za mwanzo anafanya kazi moja tu, kukutoa hofu, akukabe taratibu mara thelathini mpaka uamini kwamba ukigonga utaachiwa. Ukishaamini hivyo ndipo unathubutu kujaribu kitu kipya na kukosea. Na huyo Kano niliyemtaja alikuwa mwalimu kama sisi tutakavyokuwa: kwa miaka mingi aliongoza chuo cha ualimu pale Tokyo. Mtu anayefundisha walimu ndiye aliyetengeneza mchezo ambao aliyezidiwa anaweza kuusimamisha kwa kiganja. Sisi wa elimu tunasoma saikolojia ya mtoto mihula miwili, tunapata B, halafu tunakabidhiwa fimbo.

Kinachochekesha ni mjomba. Mjomba hataki kusikia jiu-jitsu. Anasema nimepelekwa chuo kusomea ualimu nikaishia kufundishwa ukabaji. "Mwanangu, huo ni uhuni," ananiambia, na mimi namjibu ndiyo mjomba, maana nitasema nini? Dakika tano baadaye huyo huyo ananisifia mwalimu wake wa shule ya msingi aliyemchapa mpaka akazimia.

Hapa nyumbani jioni watoto wanacheza mieleka, walikuwa wanacheza hata kabla sijaja. Nimewatandikia magunia ya mkonge juu ya mchanga na kuwaonyesha mambo mawili matatu. La kwanza, kama nilivyofundishwa mimi, kugonga. Wamelipenda kuliko yote, sasa wanagonga kila kitu. Juzi mpwa wangu wa miaka saba alimwaga ndoo nzima ya maji, na maji huku mnajua yanatoka wapi. Shangazi akamshika mkono, akavuta fito. Mtoto akajitupa chini na kupiga ardhi kwa kiganja, mara mbili, tena kwa nguvu.

Watu wote uani wakacheka. Shangazi alibaki na fito juu hivi, hajui aipeleke wapi, halafu akageuka akaniangalia mimi.