Swichi ya mashine ya wote isiwe mvunguni

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Je, asiyeweza kuinama afanyeje? Swali hili hunijia kila niingiapo katika kumbi za michezo ya video mjini Nyeri, Karatina au Nanyuki. Aghalabu mashine huegemezwa ukutani, na swichi yake ikafichwa nyuma au chini kabisa. Kijana aliye katika kiti cha magurudumu hana budi kumwomba mwenzake amwashie, kisha amwombe tena amzimie. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa kidhibiti cha Xbox kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu. Lakini kidhibiti kitamfaa nini mtu asiyeifikia swichi?

Wenye kumbi hujitetea kuwa swichi ikiwa mbele watoto wataichezea. Hoja hiyo ina uzito, lakini pia ina jibu. Swichi kuu inayokata umeme ibaki nyuma, mikononi mwa mwenye mashine. Mbele kiwekwe kitufe kipana, chepesi kubonyeza, kinachoiamuru mashine ijizime kwa utaratibu kama tarakilishi. Kikiguswa kwa bahati mbaya, mashine ingoje sekunde 10, na mguso wa pili ubatilishe amri. Kuhusu kimo, mwongozo wa majengo wa Uingereza hutaka swichi za ukutani ziwe kati ya sentimita 45 na 120 kutoka sakafuni. Kipimo hicho chatufaa.

Nikiwa mwanaisimu, naona pia kuwa swichi ni matini. Alama za I na O zilizo juu yake zatokana na tarakimu 1 na 0, yaani washa na zima. Ni wanafunzi wangapi wamefunzwa hayo? Na asiyeona atazisomaje ikiwa zimepakwa rangi tu? Zichongwe ziinuke, na kando yake pawe na maneno WASHA na ZIMA, pamoja na nukta za Breli.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia sehemu zote ipasavyo. Kuvuka mlango pekee hakutoshi.

Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapa Nyeri, wana ujuzi wa kuunda kitufe hiki. Nawasihi wamwulize kwanza atakayekitumia. Kisha sote tuzikague swichi za madarasa na maabara zetu.